Subira ya Gari

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na gari letu limesema kwa mara ya kwanza. Lilikuwa limeegeshwa kwenye banda la nyuma ya ofisi, matone yakipiga bati mpaka ikabidi tupaze sauti ili tusikilizane. Nikaketi kwenye usukani nikasema, "Washa waipa." Likakaa kimya kidogo, kisha likajibu kwa ile sauti ya kike tuliyoihangaikia tangu mwaka jana: "Nimewasha waipa." Na kweli zikaanza kucheza kwenye kioo. Mkuu wetu, mama mtu mzima asiyecheka ovyo, alipiga makofi. Fundi wa sauti hakupiga. Alivua vipokea sauti vyake masikioni, akasema, "Limekuelewa kwa sababu wewe ndiye uliyelifundisha," akavivaa tena.

Huyu fundi tunamwita Sikio. Meza yake na yangu zimegusana, na sijawahi kumwona akifurahia kitu. Huwa nawatania wenzangu kwamba ukimletea asali atakuuliza nyuki wamebaki na nini.

Ofisi yetu hutengeneza vitu ambavyo watu huvigusa kila siku bila kuwaza nani alivibuni: skrini ya kuchukulia namba kwenye foleni, mashine ya kulipia maegesho, mizani ya dukani inayotofautisha nyanya na kitunguu. Safari hii mteja ni kampuni ya magari. Anataka gari ambalo dereva analiambia tu la kufanya, mikono ibaki kwenye usukani na macho barabarani. Mimi ndiye mbunifu. Naamua gari liseme nini, liseme lini, na likae kimya kwa muda gani kabla ya kuamini kwamba dereva amemaliza kusema. Ukimya huo tumeupa jina: subira.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Subira tumeipunguza, na gari sasa linajibu chapuchapu. Mteja kapiga simu kusema anapenda.

Jumapili, 9 Machi

Kaka kaja kula nasi, mimi na Mama. Ni mkubwa wangu, anaendesha lori la duka la samani, na ana kigugumizi tangu alipoanza kusema. Nyumbani hatukioni tena. Akikwama kwenye neno, mimi au Mama tunalimalizia, maisha yanaendelea. Ni kama kumfungulia mlango mtu aliyebeba mizigo.

Leo mezani alianza, "Mama, kuna m-m-m—"

"Mgeni?" nikasema.

Akatikisa kichwa. "M-m—"

"Mzigo," Mama akadakia. "Umepata mzigo wa mbali. Usikubali, barabara zimekatika."

Kaka akacheka peke yake, akanywa maji, akaachana na habari hiyo. Baadaye, nikiwa naosha vyombo, akanifuata jikoni akasimama mgongoni kwangu mpaka neno likatoka: mshonaji. Kuna mshonaji. Anashona viti vya magari kwenye karakana karibu na duka lao, na Kaka anataka kumuoa.

Nikamkumbatia na mapovu yangu mikononi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi wowote juu ya wazazi wa binti. Nitakwenda naye, nami nitasema kila kitu, atakachofanya yeye ni kuvaa vizuri. Akayatazama mapovu kwenye shati lake, hakujibu. Nikaona amekubali.

Jumanne, 18 Machi

Siku ya kuwajaribisha watu wa nje. Walikuja mwalimu, muuza maua, kijana wa gereji, na bibi mmoja aliyeletwa na mjukuu wake. Bibi kaketi kwenye kiti cha dereva, kajitengeneza kitambaa kichwani, akaligeukia gari: "Hujambo, mwanangu?"

Gari likamjibu: "Samahani, sijakuelewa. Tafadhali rudia."

Bibi kanitazama mimi. "Hili limelelewa na nani?"

Tulicheka wote, hata Mkuu. Wote isipokuwa Sikio, aliyekuwa ameinamia mashine yake anasikiliza. Mwalimu alieleweka kwa kila alichosema. Muuza maua, anayepumzika katikati ya sentensi kama mtu anayevuka dimbwi, alikatizwa karibu kila mara. Nimemwandika kwamba hajazoea.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Mama analalamika nguo hazikauki. Gari sasa likisalimiwa linajibu, "Sijambo, karibu."

Alhamisi, 27 Machi

Nimegombana na Sikio mbele ya watu. Kwenye kikao amesema subira ni fupi mno. Gari linamdakia mtu maneno kabla hajamaliza: mzee anayevuta pumzi, mtu aliyekohoa, mtu anayetafuta jina la mtaa. Nikasema mteja anataka gari jepesi, si gari linalokaa likikukodolea macho.

"Haraka haraka haina baraka," akasema.

"Na ngojangoja huumiza matumbo," nikamjibu, watu wakacheka, na hoja ikafia hapo.

Nilijisikia mshindi mpaka nilipofika mlangoni kwangu. Sijui kwa nini sikuendelea kujisikia hivyo ndani.

Jumanne, 8 Aprili

Kesho mteja anakuja mwenyewe. Anataka kulipanda gari mvua ikinyesha, ndani ya mji, kwenye msongamano. Dereva wetu wa majaribio amepiga simu: daraja la kwao limefunikwa na maji, hatoki. Nimemwomba Kaka. Sijui mtu anayeendesha kwa utulivu kuliko yeye. Anaweza kubeba kabati la vioo kwenye mashimo na kisilie hata kioo kimoja. Mpango ni kwamba yeye ataendesha tu. Mimi nitakaa mbele kando yake, nami ndiye nitakayeongea na gari.

Kaka aliuliza, "Si-siongei?"

"Huongei hata neno," nikamwambia. Nilidhani namtuliza.

Jumatano, 9 Aprili

Naandika jioni, Mama yuko chumbani kwake na hataki kunisemesha.

Mteja alifika amevaa viatu vinavyong'aa, akaruka madimbwi kutoka lango mpaka bandani. Si mtu mbaya. Nataka kuliandika hilo kwanza, kwa sababu siku nzima nimekuwa nikitafuta wa kumlaumu. Aliketi nyuma na Mkuu. Sikio alikuwa kwenye kiti kidogo cha pembeni na mashine yake mapajani. Kaka alikuwa amenyoa, amevaa shati lenye kola.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Nikasema washa taa, taa zikawaka. Nikasema punguza baridi, baridi ikapungua. Mvua ilikuwa kubwa, magari yanatambaa, na Kaka akalipitisha letu katikati ya yote kama mtu anayebeba mtoto aliyelala. Mteja akafurahi. Ndipo akainama mbele akasema, "Lakini bibie, wewe ndiye uliyelitengeneza. Mimi namuuzia dereva. Hebu dereva aseme. Bwana, liambie litafute njia ya kurudi ofisini."

Nikafungua kinywa nieleze. Nieleze nini? Kwamba huyu ndugu yangu hawezi? Yeye mwenyewe akiwa pale? Na Kaka naye akanitazama mara moja, akarudisha macho barabarani, na nikaona kwamba alitaka kujaribu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alitaka.

"Ta-ta-ta—" akasema.

"Samahani, sijakuelewa. Tafadhali rudia."

"Tafuta n-n—"

"Samahani, sijakuelewa. Tafadhali rudia."

Akavuta pumzi. Namjua akivuta pumzi ile. Hukusanya neno zima kifuani kabla ya kulitoa. Lakini pumzi ile ni ukimya, na ukimya ule nimeupima mimi mwenyewe, nikaukata mimi mwenyewe.

"Samahani," likasema gari, kwa upole tuliouchagua kwa kura. "Sijasikia kitu."

Nyuma mteja akacheka. Kicheko kifupi, cha mtu anayedhani mashine imeharibika na kwamba sote tunalicheka gari. Na mimi, dada yake, nikafanya nilichofanya maisha yangu yote. Nikasema haraka, kwa sauti safi: "Tafuta njia ya kurudi ofisini."

"Natafuta njia," likajibu gari mara moja.

Kaka akawasha taa ya kuashiria. Akasogea pembeni taratibu, akasimamisha gari mbele ya duka la rangi, akavuta breki ya mkono, akazima injini. Akafungua mlango, akashuka, akaufunga bila kuubamiza. Nilimtazama akienda zake kwenye mvua ile, shati limemgandama mgongoni, mpaka kioo, kwa kuwa waipa zilikuwa zimesimama, kikajaa maji nisimwone tena.

Mkuu ndiye aliyehamia mbele akaturudisha. Hakuna aliyesema neno njiani, isipokuwa gari.

Alhamisi, 10 Aprili

Kaka hapokei simu.

Jumamosi, 12 Aprili

Hapokei. Mvua haijakatika. Mama kasema, "Mimi sikuwapo, lakini ningekuwapo na mimi ningemsemea." Akakamua nguo mbichi. "Kwa hiyo sikulaumu peke yako. Najilaumu pamoja nawe."

Jumatatu, 14 Aprili

Nilikwenda kumtafuta mshonaji. Karakana yake iko nyuma ya uwanja wa kuuzia matairi, imejaa harufu ya gundi na ngozi. Ni mdogo kuliko nilivyomwaza, ana mikono mikubwa, na sindano kadhaa zimechomekwa kwenye kola. Alinijua kabla sijajitaja.

"Mnafanana pua," akasema. "Kaa hapo, hicho kiti kimekauka."

Nikamweleza yote. Aliendelea kushona. Nilipomaliza nikamwuliza jambo ambalo sijawahi kumwuliza mtu yeyote: akikwama, wewe unafanyaje?

"Nashona," akasema.

"Humsaidii?"

"Nimsaidie nini? Neno ni lake." Akakata uzi kwa meno. "Siku ya kwanza alikuja kuleta kiti cha lori. Akawa anataka kusema rangi. Nikamwacha. Nikapiga mishono mpaka mwisho wa pindo. Akasema, kijivu. Basi, kikawa kijivu. Wengine huja hapa wanasema mfululizo, wakifika nyumbani wanagundua hawakutaka ile rangi."

Wakati wa kuondoka akanisindikiza hadi mlangoni. "Hajakasirikia gari, dada," akasema. "Nadhani unajua."

Jumatano, 16 Aprili

Nimempata. Alikuwa anashusha makochi kwenye ghorofa moja, mwenzake hayupo. Hakunifukuza. Akaninyooshea kidole upande wa pili wa kochi, nikashika, tukapanda ngazi, yeye akirudi kinyumenyume. Chozi na jasho vilinitoka pamoja na sikuwa na mkono wa kujifuta.

Chini, kwenye lori, nikasema nimekosa. Akaanza kunijibu. Akakwama. Nami nilikuwa na maneno matatu tayari mdomoni, nikayameza. Magari yakapita. Mwenye nyumba akachungulia dirishani akarudi ndani. Sikujua kungoja kunachosha namna ile. Nilihisi nimebeba kochi tena.

"Ma-mashine haijui," akasema mwishowe. "Wewe una-unajua."

Nikasema ndiyo.

Akafunga komeo la nyuma la lori. Hakuniambia amenisamehe. Alinishusha karibu na ofisi.

Jumanne, 22 Aprili

Leo nimemwomba Sikio anisikilizishe anachosikiliza siku zote. Nilidhani ni muziki. Akanipa vipokea sauti, akabonyeza. Muuza maua. Kisha yule bibi. Kisha watu wa mwaka jana, tulipoijaribu sauti kwenye kompyuta, niliokwisha kuwasahau: mmoja mwenye pafu bovu, mmoja mgeni wa lugha anayetafsiri kichwani kwanza. Wote wanaanza kusema, wote wanakatwa. Ukiwasikiliza mfululizo, unasikia namna kila mmoja anavyorudia kwa sauti ndogo zaidi, mpaka mwisho anasema "basi" au hasemi kitu.

"Unawasikiliza kila siku?" nikamwuliza.

"Mtu lazima awasikilize mpaka mwisho," akasema. "Gari halikuwasikiliza."

Na mimi niliyemwona mtu wa kununa. Kumbe alikuwa na huzuni tu.

Nikamwambia tuongeze subira. Akanishangaza: akakataa. "Tukiiongeza, mwenye haraka ataudhika, na ndugu yako bado atakatwa siku akikwama zaidi. Tatizo si urefu. Tatizo ni kwamba sisi ndio tunaoamua mtu amemaliza."

Tulikaa na hilo mpaka chai ikapoa. Kisha nikachukua kalamu nikachora usukani, na kwenye usukani, pale kidole gumba kinapokaa, kitufe kimoja. Unakishika, unasema. Unanyamaza, unakohoa, unatafuta neno, gari linangoja. Ukiachia, umemaliza. Hakuna akili yoyote ndani yake. Hata vile viredio vya mkononi vya walinzi vina kitufe hicho.

Sikio akautazama mchoro kwa muda mrefu. "Nyuki watabaki na chao," akasema. Sikujua kwamba utani wangu ulikuwa umemfikia. Nilitamani sakafu ipasuke, lakini alikuwa anatabasamu.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua, na jua kidogo. Kitufe kimefungwa kwenye usukani kwa gundi na nyaya zinaning'inia. Bibi wa majaribio kaletwa tena. Alikishika kitufe akalisimulia gari habari za goti lake mpaka akaridhika, ndipo akaachia. Gari likasema halijaelewa. "Si neno," akasema Bibi, "lakini safari hii limesikiliza."

Jumatatu, 5 Mei

Kikao na mteja. Alikitazama kitufe kama mtu aliyeagiza suti akaletewa viraka. Kwamba ameahidi wateja wake gari lisilo na vitufe. Kwamba matangazo yameshapigwa.

Nilieleza. Sikusema habari za ndugu yangu. Si hadithi yangu ya kuuzia kitu. Nilipomaliza, Mkuu, ambaye mwezi mzima sikujua yuko upande gani, akasema, "Bwana, mtu akikatizwa mara mbili, mara ya tatu hasemi na gari lako. Anarudi kwenye simu yake, anainamisha macho. Na hapo ndipo anapogonga mtu."

Mteja akafikiri. Alipofikiri nikamwona kama nilivyomwona siku ile bandani, si mtu mbaya, mtu mwenye haraka. Akatoa jibu la nusu. Kwenye magari madogo, hapana. Kwenye magari ya mizigo, ambayo madereva wake huyaendesha kutwa, kitufe kitakuwapo, ajaribu aone. Sikio alisema heri nusu shari. Mimi nilitaka kulia, na sikujua kama ni kwa kupata au kwa kukosa.

Nilipita dukani kwao kumwambia Kaka. Nikamwuliza kama atakuja kujaribu.

Akafikiri. "Hapana," akasema. "Li-lile gari sili-sili—" nikangoja "—pendi."

Basi. Ana haki. Halafu akaniambia Jumamosi ya wiki ijayo wanakwenda kwa wazazi wa mshonaji, yeye na Mama. "Na wewe uje," akasema. "La-lakini unyamaze."

Jumapili, 11 Mei

Nguo zimekauka. Mama ameanika hata mazulia.

Jumamosi, 17 Mei

Tulipokewa vizuri. Sebule ndogo, safi, viti vimeshonwa upya kwa mkono ninaoujua sasa. Mama wa binti alituletea chai. Baba wa binti ni mstaafu wa reli, mrefu, anayekaa wima hata kwenye kochi. Mshonaji aliketi kando ya mama yake, na kwa mara ya kwanza sikumwona na sindano.

Kaka akaanza mwenyewe. Alijitambulisha, akatutambulisha sisi. Ilichukua muda. Kwenye neno "dada" alikwama vibaya, na nilisikia pumzi ya Mama kando yangu ikijiandaa. Nikamshika mkono. Akaubana wangu, tukabanana hivyo kama watu walio kwenye boti ndogo. Kisha akasema alichokuja kusema, kwamba anampenda binti yao na anaomba kumuoa.

Yule mzee akakoroga chai yake. Akaweka kikombe chini. "Nikuulize, kijana, na usiudhike," akasema. "Ndoa ina siku za kugombana. Huyu binti yangu namjua, akikasirika maneno yanamtoka kama treni. Wewe siku hiyo utamjibu vipi?"

Nililisikia swali lile likinichoma mimi. Kaka akafungua mdomo. "Ni-ni-ni—"

Kimya. Mama akazidi kunibana. Mama wa binti akatazama birika. Mzee hakuondoa macho usoni kwa Kaka, na sikuweza kujua ni ukali au ni heshima. Na mimi, Mungu anisamehe, moyoni nilikuwa nimeshaimaliza ile sentensi. Nitamvumilia. Bila shaka ilikuwa nitamvumilia, ilikuwa dhahiri, sentensi nzuri, ya heshima, ya kumridhisha mzazi yeyote. Ilinikaa ulimini kama peremende.

Kaka akavuta pumzi yake.

"Nitachelewa," akasema. "Mpaka ni-nimjibu, a-atakuwa amesahau tuligombania nini."

Mshonaji ndiye aliyeanza kucheka, kisha mama yake, kisha yule mzee, polepole, mabega yakitikisika, mpaka akatoa leso. Mama yangu alicheka huku analia. Kaka alikaa pale katikati, uso umemng'aa, kama mtu aliyewarushia kitu chepesi wakakidaka wote.

Nilicheka pia. Lakini ndani yangu kitu kilikuwa kimesimama. Sikuijua ile sentensi. Nimekuwa dada yake tangu nizaliwe na sikuijua, haikufanana hata kidogo na yangu, na ilikuwa bora. Nikaanza kuhesabu nyuma, mezani kwetu, miaka yote ile, maneno yote niliyomfungulia mlango yakageuka yakaenda zao. Sijui yalikuwa nini. Hakuna mahali pa kuyauliza.

Wakati wa kuondoka mzee alimshika Kaka bega, wakasimama kwenye ngazi, Kaka akamwanzia habari fulani. Mama akaniuliza kama tungoje.

Tukakaa kwenye kibaraza, tukangoja.